Koti la Bwana Harusi Juu ya Paa la Watu

Watu wengine wakishakula usiku hutazama mpira. Mie hutazama nyumba zinazouzwa. Nalala chali, simu usoni, naingia vyumba vya watu, nafungua mabafu yao, nakosoa mapazia yao. Mke wangu kishanizoea. Akiniona natikisa kichwa huuliza tu, "Ngapi hiyo?" Nami humjibu, "Laki tatu na nusu za dola, na jiko halina dirisha." Akasonya kwa niaba yetu sote wawili, tukalala, katika vyumba vyetu viwili vya kupanga Jang'ombe, roho nyeupe.

Utamu wenyewe hauko kwenye nyumba, uko kwenye maneno. "Inahitaji matengenezo madogo", ujue paa limo sebuleni. "Dakika tano kutoka baharini", hawasemi kwa chombo gani. Jambiani niliona banda la makuti linatakiwa dola laki na nusu, na sifa yake kubwa ni bafu lisilo na dari, wameliandika "bafu la wazi chini ya nyota". Bibi yangu Makunduchi alikuwa nalo bafu hilo hilo umri wake wote, na kuku waliingia watakavyo. Kafa maskini, hajui kama alikuwa anaoga kitajiri.

Lakini Mji Mkongwe ndiko kwenyewe. Tokea UNESCO wautie kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, hata ufa wa ukuta umekuwa wa kihistoria na unatiwa bei. Kila nyumba kalala sultani. Kwa hesabu za madalali, Sayyid Barghash aliyetawala tokea 1870 hadi 1888 hakulala kwake hata usiku mmoja, alikuwa akizunguka na mto wake kutoka Shangani mpaka Malindi. Kila dirisha ndilo alilochungulia dada yake, Bibi Salme, kumtazama Mjerumani wake kabla hajatoroka 1866. Na kila nyumba yenye ngazi mbovu ndimo alimozaliwa Freddie Mercury. Yule mtu kazaliwa mara moja tu bwana, mwaka 1946, hakuzaliwa kwa mafungu.

Sasa kulikuwa na hii moja, Kiponda. "Kasri ya mfanyabiashara. Ghorofa tatu. Mlango wa kuzuia ndovu. Mandhari ya bahari. Dola 450,000." Niliitazama kila usiku mpaka nikawa naijua kuliko kwangu. Na mie cherehani yangu iko Darajani. Nikivuka barabara tu nipo Mjini. Nani angejizuia?

Nikampigia dalali. Akaniuliza swali moja la maana: "Mnunuzi weye, au mtazamaji?"

Nikamwambia nina ami yangu Maskati. Na ami ninaye kweli, yuko Maskati, anaziba pancha. Dalali hakuuliza kazi yake.

"Na weye mwenyewe Mzanzibari?"

"Wa Makunduchi."

"Basi una nafuu, sheikh wangu. Mgeni hapa ardhi hamiliki, hukodishwa tu. Njoo alasiri."

Mtu haendi kuangalia nyumba ya dola laki nne na nusu kwa shati la kazini. Kanzu yangu ya skukuu ilikuwepo dukani. Kilichokosekana ni koti, na pale ukutani lilining'inia koti la buluu iliyokoza, la mteja wangu, bwana harusi wa Ijumaa. Lilikuwa limebaki kumaliziwa kidogo tu: mikono nilikuwa nimeipiga bandi, bado kupitisha mashine. Nikalivaa nione linavyokaa. Fundi lazima aone linavyokaa. Likakaa vizuri mpaka Kiponda.

Dalali alikuwa kijana wa simu tatu na rundo la funguo kama msimamizi wa jela. Akanisimamisha mbele ya mlango, akaupiga kofi.

"Huu wa Kihindi. Unaiona misumari ya shaba? Hiyo ya kuzuia ndovu wasisukume."

Ndovu ninaowajua mie ni wale wa noti ya elfu kumi, na hao huhitaji kuwazuia, hawaji kabisa. Nikatikisa kichwa kitajiri.

Ndani, chumba cha kwanza kilikuwa kirefu na chembamba, ukitaka kupishana na mtu lazima mmoja avute pumzi. Nalijua hilo: nyumba hizi zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Dalali akasema, "Hii tunaiita faragha." Ukuta wa ukumbini ulikuwa umetoa tumbo, umeegemezwa magogo matatu. Tokea upande wa jumba la Beit al-Ajaib uporomoke Disemba 2020 mie ukuta wenye tumbo siupi mgongo, nikapita kwa ubavu huku nautazama. Dalali akasema umepumzika.

"Na bahari?" nikauliza.

"Bahari juu."

Tukapanda. Ngazi za mwisho hazikuwa ngazi tena, zilikuwa nia. Juu kabisa kuna kimlango kidogo, tukainama tukatokea paani. Bahari ilikuwepo, sisemi uongo. Ukisimama baina ya tangi la maji na dishi la jirani, ukauchukua mnara wa kanisa la Minara Miwili ukauweka nyuma ya kisogo, unaiona: kipande cha upana wa mkono, na boti ya Dar inapita hapo mara moja haipo. Simu moja ya dalali ikalia. Akasema, "Sheikh, tizama kwa raha zako," akateremka.

Nikatizama kwa raha zangu. Nilikuwa nishaamua jiko lihamie upande wa pili, na tangi nilipake rangi, pale upepo wa kusi ulipokuja ukakibamiza kile kimlango. Nikasikia komeo likianguka ndani: tak.

Nikasukuma. Nikabisha. Nikaita "Dalali!" kwa sauti ya mnunuzi, kisha kwa sauti ya fundi. Simu zake tatu zote zinatumika. Nikachungulia chini, nikamwona anatoka uchochoroni mbio kuelekea Forodhani, na ule mlango wa ndovu kaufunga kwa kufuli. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kuna Mtaliano alitaka kuona nyumba nyingine, na mie alinisahau.

Mke wangu nisingeweza kumpigia. Nikampigia kijana wangu wa dukani. "Njoo Kiponda, usimwambie mtu." Akasema, "Sawa fundi, nakuja naye." Simu ikakata. Naye nani?

Hapo nikasikia kikohozi. Paa la pili, ng'ambo ya uchochoro, bibi mmoja alikuwa anaanua nguo. Alikuwa ananitazama kitambo, vibanio mdomoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mnunuzi weye?"

"Inshallah."

"Wa ngapi tena." Akakunja shuka taratibu, ncha kwa ncha. "Haiuziki hiyo. Warithi wake wamejaa jahazi. Mmoja Dubai, mmoja Toronto, wawili hawasemezani wapo hapa hapa Mkunazini. Kuna mwenye sudusi ya thumuni, fungu moja katika arubaini na nane, huyo ndo mkali kupita wote. Umekula?"

Akanirushia andazi, nikalidaka. Kisha akaenda ukingoni akaita chini, kwa sauti ambayo sikuitegemea kwenye kifua kile: "Jamani! Kuna mtu na heshima zake kafungiwa juu!"

Uchochoro ukajaa. Watoto kwanza, kisha wauza kahawa na wateja wao na vikombe mkononi. Wa kwanza akasema mwizi. Wa pili akasema mwizi havai koti. Mwengine akataka shoka auvunje mlango, mzee mmoja akaweka mgongo wake kwenye zile shaba: "Mlango huu mali ya dunia! Uvunje, Mamlaka ya Mji Mkongwe waje wakuulize mimi nipo!" Wakasukumana nao, vijana wanne. Haukutikisika. Lile la ndovu, kumbe si porojo.

Akatokezea mwenye sudusi ya thumuni. Akasema yeye hajamruhusu mtu kuuza, kwa hiyo hakuna mnunuzi, kwa hiyo juu ya paa hakuna mtu. Akaondoka. Sijapata kusikia hoja iliyonyooka kama ile.

Wajukuu wa bibi wakaleta ubao, wakaulaza baina ya paa na paa. Uchochoro wa Kiponda ni mwembamba ukipita kwa miguu. Ukiwa juu yake, ghorofa ya tatu, upepo umeingia ndani ya kanzu, unakuwa na upana wa mkondo wa Pemba. Nikapiga magoti, nikaanza kutambaa, nasoma nilichokikumbuka. Chini kimya. Kisha sauti moja, naijua:

"Lile koti langu lile!"

Kijana wangu alikuwa kaja naye. Bwana harusi alikuwa keshafika dukani kulijaribu, na yule mtoto hajui kusema uongo, nimemfundisha kushona tu.

"Fundi! Usinyooshe mikono! Kwapani ni bandi hiyo!"

Mtu yuko hewani, roho mkononi, na mwenziwe chini anahurumia kwapa. Bibi akanipa mkono, "Nyoosha, mwanangu," nami nikanyoosha. Kwapa la kulia likatoa sauti moja ndefu. Nilifika upande wa pili mimi, kanzu na mkono mmoja wa koti; mkono wa pili ulikwenda na upepo polepole, ukazunguka, watu wakainua nyuso kuutazama, ukatua kwenye deli la kahawa.

Koti lilishonwa upya usiku ule, bure, na doa la kahawa lilitoka, na huyo bwana kaoa. Hilo halina maneno tena.

Maneno yalikuwa yametangulia Jang'ombe. Kufika kwangu Magharibi, habari ilikuwa imeshakamilika: fundi kaonekana Mjini, kavaa koti la bwana harusi, anakagua nyumba ya ghorofa tatu. Sasa mwanamme wa Unguja akivaa koti la harusi na kutafuta nyumba upande wa pili wa mji, jambo lake ni moja, halihitaji ushahidi.

Mke wangu alikuwa kakaa kitandani, leso kichwani. Nikamweleza yote, ndovu, komeo, thumuni. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo huoi?"

"Sioi."

"Na nyumba hununui?"

"Kwa pesa ipi, mke wangu?"

Akanyamaza. Halafu nikaona anavuta leso mbele, anaficha uso, na si kwa kilio.

"Mie nishawajibu," akasema. "Walikuja hapa watatu kunipa pole. Ningewaambia nini? Nikawaambia najua, mume wangu ananinunulia mie."

"Umewaambia nani?"

Alikuwa amewaambia watu wa kutosha. Asubuhi dalali kapiga simu, warithi wawili wa Mkunazini wamepatana, bei imeshuka mpaka laki nne na thelathini, ami aharakishe. Mchana kaja shemeji yangu kutoka Bububu na ujumbe wa mama mkwe: anashukuru, Mungu atuzidishie, yeye atakaa chumba cha chini kwa sababu magoti hayapandi ngazi.

Nikamwambia shemeji amfahamishe mama kwamba vyumba vya chini vya Mji Mkongwe vina unyevu sana, kuta za mawe na chokaa zile zinavuta maji.

Jibu limerudi kabla ya alasiri. Haidhuru unyevu, atakuja na jamvi lake.