Kigango kina jina la mtu

Kinachoniudhi katika makumbusho ya huku Marekani ni kile kikaratasi kando ya kigango, yaani nguzo ya mbao inayochongwa kwa ukumbusho wa marehemu kwetu pwani ya Kenya. Kimeandikwa aliyekitoa zawadi, mwaka kilipopokelewa, namba yake, na neno Kenya. Marehemu aliyechongewa hatajwi.

Nyumbani mzee wa Kigiriama anakuambia kigango hiki ni cha fulani, mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, wa ukoo fulani, na nani alimwota mpaka kikachongwa. Kikishasimikwa hakihamishwi, hata wenyewe wakihama. Mvua na mchwa vikikimaliza, basi. Huku wanakiweka chumba kisicho na unyevu na kujihesabu waokoaji.

Mtaniambia: "Ughaibuni kumekupa kiburi. Si vijana wetu ndio waliowauzia wenye maduka ya vinyago?" Ndio, wengine ni wetu, na Kilifi hadi leo wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi. Hilo linaniuma kuliko kikaratasi chochote. Ila dharau hii hatukuianza sisi. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, kwa baruti ili kuwavunja nguvu, na Wagiriama hawakuvunjika.

Wengine mnasema sheria itavirudisha. Sheria ya Marekani ya 1990 inalinda mabaki na vitu vitakatifu vya wenyeji wa asili wa Marekani tu; Mmijikenda, na Mgiriama ni mmoja wao, hamo. Makumbusho ya Denver yaliamua kwa hiari kuachia vigango 30 mwaka 2014, vikafika Kenya 2019. Na kigango kikirudi bila jina, utakipeleka boma gani? Kinaishia stoo ya serikali.

Kilichofanikiwa ni picha. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Viliibwa muda mfupi baadaye. Kimoja kikatambuliwa Illinois, kingine Virginia, na kufikia 2007 vyote vilikuwa vimerudi, kwa sababu nakshi na nyufa za kigango hazifanani na za kingine.

Kwa hiyo, mlio nyumbani, pigeni picha leo: mbele, nyuma, ubavuni, nyufa kwa karibu, futi ya kupimia ikiwa kando. Andikeni jina la marehemu, ukoo, kijiji na tarehe. Ombeni ruhusa ya wazee kwanza. Nakala moja ikae na familia, nyingine na Makumbusho ya Taifa. Mtandaoni msiziweke kabisa. Zinamwonyesha mnunuzi boma la kumtuma mwizi.