Stesheni Isiyo na Treni

Juma lililopita nilimpeleka mgeni wangu Kunitachi, magharibi mwa Tokyo, na tulipotokea upande wa kusini wa stesheni akasimama mbele ya nyumba ndogo ya mbao yenye paa jekundu la pembetatu, akauliza treni huingilia wapi. Nilipomweleza kwamba hakuna abiria aliyepandia treni humo tangu mwaka 2006, akaangua kicheko: "Yaani ndugu yangu, watu wazima wamekaa wakajenga stesheni isiyo na treni?"

Kicheko hicho kimenikwama kooni hadi leo.

Mgeni wangu hakujua kwamba hapo stesheni ilitangulia na mji ukafuata. Tetemeko la mwaka 1923 lilikuwa limebomoa chuo cha biashara katikati ya Tokyo, kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Hitotsubashi, na kampuni moja ya ardhi ikaona fursa ya kukihamishia msituni na kuuza viwanja kukizunguka. Stesheni ikafunguliwa mwaka 1926, kati ya Kokubunji na Tachikawa, na kwa kuwa mahali penyewe palikuwa hapajapata jina, wakachukua herufi moja ya kanji, mwandiko wa Kijapani ambao kila herufi ina maana yake, kutoka jina la kila jirani, wakaziunganisha. Barabara pana ya micheri inayoelekea chuoni imeanzia mlangoni pa nyumba ile, kwa hiyo kuiondoa ni sawa na kuung'oa mji kitovu.

Reli ya Chūō (jina tu la njia hiyo ya treni inayopita Kunitachi, si chuo cha masomo) ilipaswa kuinuliwa juu ya nguzo, hilo nalikubali kwa shingo upande. Kati ya Mitaka na Tachikawa palikuwa na vivuko 18 vya barabara, na asubuhi, treni zinapofuatana kama siafu, vizuizi vilishuka na kusahau kupanda. Kazi hiyo ilipokamilika mwaka 2010, mama mwenye mtoto mgongoni hakulazimika tena kusubiri kizuizi ili amfikie daktari upande wa pili wa reli. Vizuri.

Lakini kati ya kupisha reli na kupiga nyundo pana nafasi kubwa, na nafasi hiyo ndiyo wakazi wa Kunitachi waliyoipigania. Mwaka 2006 nyumba iliondolewa ubao kwa ubao, ikatangazwa kuwa urithi wa mji, kisha mbao zake zikahifadhiwa ghalani kwa zaidi ya miaka kumi, muda unaotosha diwani yeyote kusahau ahadi yake. Hawakusahau. Mwezi Aprili 2020 ilifunguliwa tena karibu kabisa na pale ilipokuwa, kwa kutumia mbao zilezile kila ilipowezekana, na sasa watu huingia kupumzika, kutazama picha za zamani na kukutana na wenzao. Ghali? Ndiyo, ilikuwa ghali. Bila shaka fedha hizo zingejenga maegesho mengine ya magari, kitu adimu mno duniani.

Harajuku, mtaa wa Tokyo uliokuwa na stesheni ya mbao ya mwaka 1924, walichagua njia nyingine: mwaka huohuo wa 2020 waliibomoa, kwa hoja ya usalama dhidi ya moto, wakaahidi kujenga nyingine inayofanana nayo. Inayofanana!

Mgeni wangu, kwa taarifa yake, aliipiga nyumba hiyo isiyo na kazi picha kumi na nne.