Mafunzo ya Uongozi kwa Walimu wa Dini: Stadi Bila Madaraka Hazitoshi

Pendekezo la kuwapa walimu wa dini mafunzo ya uongozi lina watetezi wengi na lina wapinzani wenye hoja nzito, lakini pande zote mbili mara nyingi hujadili bila kueleza ni mwalimu yupi anayekusudiwa. Katika mkoa wa Dar es Salaam, ambao Sensa ya 2022 iliuhesabia watu 5,383,728, mwalimu wa dini anaweza kuwa ustadhi wa madrasa ya Mbagala anayesomesha watoto baada ya sala ya alasiri, katekista wa kigango cha pembezoni mwa Kimara, mama anayefundisha Shule ya Jumapili usharikani, au mwalimu wa sekondari mwenye shahada anayewaandaa wanafunzi kwa mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu au wa Maarifa ya Biblia. Hali zao za kazi hazifanani, na mafunzo yanayomfaa mmoja yanaweza kumchosha mwingine bure.

Wanaounga mkono wanaanza na jambo ambalo ni vigumu kulikanusha, kwamba uongozi ni stadi inayofundishika. Serikali ililikubali hilo kwa vitendo ilipoanzisha Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao yake Bagamoyo, ambako walimu wakuu na wakuu wa shule husomea usimamizi. Mwalimu anayetumwa na msikiti au parokia kufundisha kipindi cha dini katika shule ya serikali hayumo katika mkondo huo, kwa kuwa si mtumishi wa umma. Wala Wizara ya Elimu haiwezi kuziamuru jumuiya za dini namna ya kuwaandaa watu wao, maana ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 imeuweka uendeshaji wa jumuiya hizo nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo jukumu linabaki kwa BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, pale Kinondoni, kwa Baraza la Maaskofu Katoliki pale Kurasini, kwa makanisa yaliyomo katika Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na kwa taasisi nyingine zilizo nje ya mabaraza hayo. Zisipolibeba zenyewe, hakuna wa kulibeba kwa niaba yao.

Hoja yao ya pili ina nguvu zaidi, nayo ni kwamba mwalimu huyu anaongoza tayari, apende asipende. Katika shule za sekondari yeye ndiye mlezi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, au wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Anasimamia uchaguzi wa viongozi wao, anapatanisha wanaogombana, anamweleza mkuu wa shule kwa nini wanafunzi wanahitaji mahali pa kuswalia au muda wa kufanya mazoezi ya kwaya, na anakaa meza moja na mlezi wa dini nyingine kupanga ratiba isiyomwumiza yeyote. Katika madrasa anakusanya ada kidogo ya wazazi, anawagawa watoto katika madarasa kwa uwezo wao, na mara nyingi ndiye mtu mzima pekee aliyepo. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayomjia mtu kwa sababu tu amehifadhi juzuu nyingi au anaijua Biblia vizuri.

Wapinzani nao wasikilizwe kwa makini, kwa sababu wengi wao si watu wanaochukia maendeleo. Wapo masheikh wanaoona kwamba heshima ya mwalimu katika dini hutokana na elimu aliyoipokea kwa mwalimu wake, na ijaza, yaani idhini ya kufundisha, aliyopewa, na mwenendo anaoonekana nao mtaani. Wanahofu kwamba cheti cha semina ya siku mbili kitampandisha mtu ambaye elimu yake bado ni changa. Makanisani hofu hiyo huchukua sura nyingine: mwalimu akishafundishwa kupanga mikakati na kuongoza watu, huenda akaanza kujiona mshindani wa mchungaji au wa wazee wa kanisa, na usharika ukagawanyika. Liko pia lalamiko la semina zinazohudhuriwa kwa ajili ya posho, ambazo huishia kwenye picha ya pamoja bila darasa lolote kubadilika. Lalamiko hili halipaswi kupuuzwa, ingawa kasoro yake imo katika namna semina zinavyoandaliwa.

Hoja ya upinzani ninayoiona nzito kuliko zote ni ya muda, na mfano wake ni katekista. Kanisa Katoliki nchini lilimpa majukumu ya uongozi zamani: anaongoza ibada ya Neno padre asipokuwepo, anazitembelea jumuiya ndogondogo, anaandaa wanaosubiri ubatizo, kipaimara na ndoa, na anahudhuria misiba. Amekuwa kiongozi kamili, na kwa sababu hiyo hiyo saa za kuandaa somo la watoto zimepungua. Anayetaka kumwongezea ustadhi au mwalimu wa Shule ya Jumapili majukumu ya namna hiyo, hali akijua kwamba wengi wao hujitolea au hupata kifuta jasho tu huku wakitafuta riziki kwingine, anapaswa kueleza saa hizo zitatoka wapi.

Nikizipima hoja hizi, naegemea upande wa mafunzo, ila kwa sharti ambalo watetezi wake hawalisemi vya kutosha. Tatizo la mwalimu wa dini wa Dar es Salaam ni upungufu wa stadi, lakini zaidi ya hapo ni ukosefu wa madaraka yanayojulikana. Jambo hili linaonekana wazi kwa wanawake. Madarasa mengi ya Shule ya Jumapili na ya madrasa za watoto wadogo yanafundishwa na wao. Wao ndio wanaojua mtoto yupi hajala na yupi ameacha kuja. Kamati inapokaa kuamua kuhusu vitabu, vyoo au ukarabati wa chumba cha darasa, mara nyingi hawamo. Mwalimu wa aina hiyo akipelekwa kwenye mafunzo ya kupanga bajeti, atarudi akiijua bajeti ambayo haruhusiwi kuigusa, na hilo ni kumwonea.

Mafunzo yenyewe yanapaswa kuwa finyu na ya kina. Yamfundishe mwalimu mzoefu namna ya kumlea mwalimu mgeni, ikiwamo kuketi darasani mwake na kumrekebisha bila kumvunjia heshima. Yamfundishe kutunza kumbukumbu za mahudhurio na fedha, na kuzungumza na mzazi mkali. Juu ya yote yamfundishe ulinzi wa mtoto, jambo ambalo nisingekubali liachwe kwa hiari ya yeyote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto akiwa madrasa au kanisani kama inavyomlinda akiwa shuleni na nyumbani, na mwalimu wa dini ndiye ambaye mtoto mara nyingi humwamini kuliko wengine. Mwalimu huyo akiambiwa na mtoto jambo zito, anapaswa kujua kwamba suala hilo linapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hata kama anayetajwa ni mtu mwenye cheo katika msikiti au kanisa hilo. Hapo ndipo anapohitaji ujasiri wa kiongozi, na ujasiri huo hauwezi kudumu ikiwa waliomtuma wanaweza kumwondoa kesho kwa neno la mdomo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya msikiti au usharika kumchagua wa kumpeleka mafunzoni, umwandikie barua inayotaja majukumu yake, mipaka yake, mtu ambaye mwalimu huyo atawajibika kwake na utaratibu wa kumwondoa, kisha umpe nafasi kwenye kamati inayosimamia elimu ya watoto. Mafunzo yafanyike likizo za Juni na Desemba, katika wilaya anayoishi, ili anayefundisha Kigamboni asilazimike kuacha biashara yake na kuvuka kivuko kila siku. Hofu ya masheikh na wachungaji kuhusu ushindani itapungua pia, kwa kuwa mipaka ya mwalimu itakuwa imeandikwa nao wenyewe.