Timbo lililofungwa juzi, leo linachimbwa

Juma lililopita nilikwenda kuhani upande wa Kilifi, kwa jamaa aliyefiwa na kijana wake timboni. Ukuta wa mawe ulimwangukia. Pale matangani wazee walikuwa wakieleza, kama jambo la kawaida, kwamba timbo lile lilishafungwa, likafunguliwa, likafungwa tena, na kila ofisa akija huja na karatasi mpya kana kwamba serikali haijawahi kukanyaga pale. Hasira niliyorudi nayo Mombasa bado haijanitoka.

Mawe hayo ndiyo nyumba zetu. Kisauni, Likoni, Mtwapa, kuta zimetoka matimboni. Na kinachoua huko kinajulikana. Ukuta wa timbo unatakiwa ukatwe kwa vidato, na udongo wa juu uondolewe kwanza. Hayo yanachelewesha mzigo, basi watu wanaamrishwa kukata chini kwa chini mpaka jabali linabaki linaning'inia juu ya vichwa vyao. Masika yakilegeza udongo, kofia ya plastiki haimwokoi mtu.

Sheria tunazo. Ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamruhusu ofisa kusimamisha kazi penye hatari. Ile ya Madini ya 2016 inaruhusu leseni kufutwa. Tunachokosa ni kuhesabu. Kila kosa linashughulikiwa peke yake: faini ikishalipwa, faili linafungwa na mashine zinawashwa. Mwenye timbo anatoka msafi, hata kama ukuta ni uleule na kosa ni lile la mwaka jana.

Marekani walilipia uzembe huu kwa roho za watu. Sheria yao ya migodi ya 1977 iliruhusu mgodi unaorudia makosa mazito ubanwe zaidi, wafanyakazi watolewe kila penye kosa jipya zito mpaka lirekebishwe. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna mgodi hata mmoja uliobanwa hivyo mpaka mwisho, na sababu mojawapo ni kwamba kosa lililokatiwa rufaa halikuhesabiwa. Basi makampuni yakakata rufaa. Tarehe 5 Aprili 2010 mgodi wa makaa wa Upper Big Branch, West Virginia, ulilipuka ukaua watu 29. Mwaka mmoja tu kabla yake, wakaguzi walikuwa wameuandikia makosa zaidi ya 500. Makosa 500, na watu bado wanateremshwa chini! Mkuu wa kampuni, Don Blankenship, alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Kanuni ilirekebishwa 2013, rufaa isiwe kinga tena.

Kwetu hata amri ya kufunga haina uzito. Machi 2024 serikali ilitangaza kufunga machimbo ya dhahabu ya Hillo, Marsabit, baada ya vurugu na mauaji. Mei yakaporomoka yakaua watu watano, waliokuwa wakichimba mahali palipofungwa.

Rushwa ipo, na kila mtu anaijua.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba timbo likifungwa mkata mawe ndiye anayelala njaa kwanza. Anayelipwa kwa jiwe hana akiba. Lakini hoja hiyo huletwa zaidi na wenye matimbo, ambao wangeweza kuimaliza wao wenyewe kwa kuwalipa watu siku za kufungwa. Sheria hiyohiyo ya Marekani inamtaka mwenye mgodi uliofungwa kwa kuvunja kanuni awalipe wafanyakazi hadi wiki moja. Nasi tuiandike hivyo, na wiki moja ikionekana chache, tuongeze.

Wizara na kaunti zetu za Pwani ziweke hadharani orodha ya kila timbo lililokaguliwa, kosa lililokutwa na tarehe yake. Hesabu imfuate mmiliki, kwa maana jina la timbo hubadilishwa kwa siku moja. Kosa lilelile la kuhatarisha maisha likirudi mara ya tatu, leseni ifutwe, na asipewe nyingine kaunti ya jirani.