Valmy mizinga ndo iliamua
Kuna mwandishi anasema kwenye vita vya Valmy kule Ufaransa, 20 Septemba 1792, raia wa kujitolea wasio na mafunzo waliwachapa wanajeshi wa Prussia (ufalme wa Kijerumani) kwa uzalendo peke yake. Jamani hapana, hii stori inawanyima haki wapiga mizinga. Mizinga ya Ufaransa ilikuwa ya mfumo wa Gribeauval, yaani muundo wa mizinga ulioboreshwa na jenerali wao wa jina hilo, mizuri kweli, na waliokuwa wanaifyatua ni askari wa tangu enzi za mfalme, watu wanaoijua kazi yao, halafu hata vikosi vya Kellermann, jenerali wa Ufaransa, vingi vilikuwa vya jeshi la kudumu. Wa kujitolea walikuwepo na heshima yao wapewe, maana kusimama kwenye kile kilima cha kinu cha upepo mizinga inanguruma masaa na masaa usikimbie sio mchezo, Kellermann kainua kofia juu ya upanga anapaza sauti liishi taifa na jeshi zima linaitikia. Ila Brunswick, kamanda wa Prussia, alisitisha shambulio kabla hawajafika kukabana, na askari wake walishadhoofika kwa mvua na kuhara damu. Mnaotaka kuona wa kujitolea wakipigana hasa someni vita vya Jemappes kule Ubelgiji, 6 Novemba mwaka huohuo, na hata hapo Dumouriez, jenerali wa Ufaransa, aliwazidi sana Waustria kwa idadi ya watu.