Msivichome vitabu vilivyochakaa

Wiki iliyopita nilikuwa nasaidia kuhamisha kabati la vitabu katika shule moja ya msingi wilayani Kasulu. Vilivyo vizima vilipangwa mezani, vilivyochakaa vikatiwa kwenye kiroba kusubiri kiberiti. Nikaingiza mkono kirobani nikatoa kijitabu cha hadithi, jalada hakina, mgongo umeshonwa kwa uzi mweusi. Katikati kuna alama ya kidole kidogo chenye mawese. Mistari miwili chini yake, juu ya neno "ndovu", mtu kaandika kwa penseli: inzovu.

Neno hilo halijanitoka kichwani. Huyo ni mtoto wa Kiha anayesoma hadithi kwa Kiswahili cha shuleni. Kakutana na neno geni, kalitamka, kasikia ndani yake neno la nyumbani kwao. Pale kusoma kumemuingia.

Historia ya fasihi ya watoto kwa Kiswahili tumezoea kuisimulia kwa majina ya wakubwa. Tunaanza na Edward Steere, mmisionari aliyekusanya ngano za Unguja akazichapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande huu, Kiingereza upande ule. (Ngano ambazo watoto walikuwa wakiitikia "hadithi njoo" zikawa kitabu cha mtu mzima anayejifunza lugha!) Tunakuja kwenye Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 na Kiswahili sanifu chake, kisha East African Literature Bureau, shirika la kuchapisha vitabu vya Afrika Mashariki, 1948. Halafu Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, ukawashika mkono waandishi na wachapishaji wa humu nchini, vitabu vikafika shuleni. Naushukuru sana mradi ule, maana kabla yake wengi wetu utotoni tulikuwa na kitabu cha kiada tu, basi.

Lakini katika orodha yote hiyo mtoto mwenyewe yuko wapi? Tunajua nani aliandika na nani alichapa. Alichokipenda msomaji, alipokwama, alichokirudia mpaka karatasi ikalegea, hatujui, na ushahidi wake ndio huo tunaoutia moto.

Najua nitaambiwa Maktaba ya Taifa hupokea nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini. Ni kweli, na ni jambo jema. Ila nakala ile ni safi, haijapita mkononi mwa mtoto. Kitabu cha watoto kikipendwa kinachanika. Kilichobaki kipya kabatini mara nyingi ni kile ambacho hakuna aliyekigusa. Mtafiti akija kesho akakuta vilivyo safi peke yake, atatuandikia historia ya vitabu visivyosomwa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kasulu, Kibondo, Uvinza na kote: kabla hamjawasha moto, fungueni kurasa. Chenye maandishi ya watoto wekeni kando, andikeni jina la shule na mwaka, kipelekeni maktaba ya mkoa au hata chuo cha ualimu kilicho karibu. Na wanafunzi wa vyuo mnaotafuta mada ya tasnifu, njooni huku.

Kiroba nilikiomba, nikapewa, nikapanda nacho basi hadi Kigoma mjini. Kile kijitabu cha uzi mweusi, nyuma ya ukurasa wa mwisho, kina majina kumi na moja ya walioazima, kila moja kwa mwandiko wake. Jina moja limeandikwa mara nne.