Ditekta sio tatizo, tatizo ni jembe

Ubishi wa wanaakiolojia na watu wa ditekta (wale wanaozunguka mashambani wikiendi na mashine ya kutafuta metali ardhini, wamevaa hedfoni) haujaanza leo, na mimi naona wengi wanailaumu mashine bure.

Chukua Hoxne, kijiji cha Suffolk huko Uingereza. Novemba 1992 mkulima kapoteza nyundo shambani, akamwomba rafiki yake mzee Eric Lawes aje na ditekta amtafutie. Mzee akaanza kutoa vijiko vya fedha na sarafu za dhahabu, na hapo ndo namvulia kofia, akaacha kuchimba! Taarifa zikapelekwa polisi na halmashauri, wanaakiolojia wakaja kesho yake wakafukua taratibu, wakakuta sarafu za Kirumi karibu 15,000 na mabaki ya sanduku lenyewe, kwahiyo mpaka mpangilio wa vitu humo ndani ukajulikana. Lawes akalipwa pauni milioni 1.75, akagawana na yule mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, ipo British Museum mpaka leo lol.

Sasa linganisha na wale jamaa wawili wa Herefordshire mwaka 2015. Walipata mali ya enzi za Waviking wakanyamaza, wakaanza kuuza kimyakimya. Inaaminika sarafu zilikuwa kama 300, zilizopatikana ni 30 na kitu tu, na baadhi zinaonyesha wafalme wawili wa Uingereza ya kale, Alfred na Ceolwulf II, wamekaa pamoja kama washirika, yaani ushahidi mzito wa historia yao umeishia mifukoni mwa watu. 2019 wakafungwa miaka kadhaa. Wangeripoti wangelipwa kihalali, ndo kinachouma.

Mashine ni ileile. Wanaosema ipigwe marufuku kabisa wanasahau kwamba shamba linalolimwa kila mwaka, vitu vya juujuu vilishahama pale vilipokuwa, trekta limevikata na mbolea inavila, kwahiyo mtu akiviokota akaandika vilipokuwa kaokoa kitu. Uingereza tangu 1997 wana maofisa wa kuandikisha vitu vya namna hiyo, na vimeshapita milioni moja na nusu. Ila chini ya pale jembe la trekta linapofika, hapo usiguse. Ditekta hailii kwenye mfupa wala kigae wala jivu la jiko, na mwenye haraka ya kufikia dhahabu anavipasua vyote hivyo njiani bila kujua.

Na wanaakiolojia nao wapunguze dharau, maana huyo wanayemwita mwizi ndiye aliyelizunguka shamba wakati wao wako ofisini wanasubiri bajeti.

Huku kwetu Tanzania ditekta ziko zaidi kwa wachimbaji wadogo, pamoja na wale wa "mali za Mjerumani" (hazina inayosemekana Wajerumani waliizika enzi za ukoloni) wanaochimba kwenye maboma usiku na ramani za kuuziwa. Wengi wanaishia kubomoa kuta tu. Tunawacheka, lakini mtu akiokota rupia ya zamani leo ataipeleka wapi, kwa nani, na atapewa nini zaidi ya maswali? Akijua atalipwa, tena bila kuzungushwa, wapo watakaoripoti. Sio wote, wa Herefordshire malipo yalikuwepo na bado wakaficha, ila mimi ningeanzia hapo kwenye hela kabla ya kuongeza askari.